Kujitolea kwa Ajili ya Shule: Haki ya Mtoto, Deni la Serikali na Kazi ya Jirani

Mtoto anapoacha shule, wa kwanza kujua ni jirani. Anamwona saa nne asubuhi amembeba mdogo wake mgongoni, anamwona tena kesho yake, na keshokutwa. Mwalimu wa darasa anafuata, baada ya kuita jina kwenye rejista mara tatu nne bila kuitikiwa. Ofisi ya elimu huja kujua mwishoni mwa mwaka, pengine isijue kabisa, na kufikia hapo mtoto ameshakuwa tarakimu moja ndani ya jumla kubwa isiyomwita mtu kwa jina lake.

Nimeanza na jirani makusudi. Mazungumzo kuhusu kujitolea kwa ajili ya elimu ya watoto wa familia zisizo na uwezo mara nyingi huanzia kwingine: kwa mfadhili, kwa mabegi mapya, kwa picha ya watoto waliopangwa mstari wakishika madaftari. Tukianzia huko, swali linabaki moja tu, nani atatoa nini. Tukianzia kwa jirani, yanafunguka maswali magumu zaidi. Elimu ikiwa ni haki, basi yupo anayedaiwa, na anayedaiwa ni serikali. Sasa raia anayefundisha watoto jioni bila malipo, anayetembea nyumba kwa nyumba kuwatafuta walioacha shule, analipa deni la nani? Na akishalilipa, mwenye deni si atalala usingizi?

Nimesikia watu wenye nia njema wakigombana juu ya jambo hili hadi wakanuniana. Upande mmoja unasema kujitolea kunaifunika serikali aibu yake. Wa pili unasema mtoto wa miaka minane hawezi kungoja bajeti ya miaka mitano. Wote wawili wana hoja, ila wanazungumzia kazi mbili tofauti zilizopewa jina moja. Ipo kazi ya kujitolea inayokalia kiti cha mdaiwa, na ipo inayomshika mtoto mkono hadi kwenye mlango wa mdaiwa na kukaa naye pale mpaka ufunguliwe. Ya kwanza huchosha watu na huacha pengo siku inapokoma. Ya pili ndiyo inayolinda haki, na haina picha nzuri.

Deni limeandikwaje

Tamko la Kimataifa la Haki za Binadamu la 1948, katika Ibara ya 26, linasema kila mtu ana haki ya kupata elimu, na kwamba katika hatua za mwanzo elimu hiyo iwe ya bure na ya lazima. Mwaka 1966 Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kitamaduni ukaigeuza ahadi hiyo kuwa sheria kwa nchi zinazouridhia. Ibara yake ya 14 inaitaka nchi ambayo bado haijaweza kutoa elimu ya msingi bila malipo iandae mpango wa utekelezaji ndani ya miaka 2. Ukafuata Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ulioridhiwa na nchi zote wanachama wa Umoja wa Mataifa isipokuwa Marekani, na kwa bara la Afrika ukaja Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa 1990.

Watu wengi wakifika hapa hufunga kitabu. Lakini Ibara ya 28 ya Mkataba wa Haki za Mtoto ina kipengele kimoja ambacho kila anayejitolea angefaa kukijua kwa moyo: serikali zimejifunga kuchukua hatua za kuhimiza mahudhurio na kupunguza idadi ya wanaoacha shule. Maana yake deni halikuisha siku mtoto alipoandikishwa. Mtoto ambaye jina lake limo kwenye rejista huku mwenyewe yuko sokoni anauza bado anadai.

Kipo kingine cha 1999. Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa 1966 ilifafanua neno "bure" kwa undani. Ilisema karo haziendani na haki hii, kisha ikataja gharama za pembeni: michango ya lazima ambayo wakati mwingine huitwa ya hiari na kumbe siyo, na sare ambazo bei yake inamzidi mzazi. Mzazi yeyote aliyewahi kurudishiwa mtoto nyumbani kwa sababu ya mchango wa "hiari" atalitambua jambo hilo. Ufafanuzi huo si sheria ya kumpeleka mwalimu mkuu kortini kesho asubuhi, lakini ukiingia ofisini kwake ukijua kwamba jambo lako limeandikwa, unaongea kwa sauti nyingine.

Mwanasheria Katarina Tomaševski, aliyekuwa ripota maalumu wa kwanza wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki ya elimu, kati ya 1998 na 2004, aliipima haki hii kwa vipimo vinne. Shule iwepo na mwalimu awepo. Mtoto aweze kuifikia, kwa miguu, kwa mfuko wa mzazi na bila kubaguliwa. Anachokikuta ndani kikubalike, yaani afundishwe vizuri, kwa lugha anayoielewa, bila kupigwa wala kudhalilishwa. Na shule ijipinde kumfuata mtoto, badala ya kumtaka mtoto ajikunje aingie. Ukivitazama vipimo hivi kwa jicho la mtu wa mtaani, unaona upesi kwamba cha kwanza kiko nje ya uwezo wako. Kujenga madarasa na kuajiri walimu kunataka kodi, na kodi inakusanywa na serikali. Vitatu vinavyobaki vinahitaji mtu anayemjua mtoto. Hapo jirani ana mtaji ambao wizara haina.

Watoto wa matatizo mawili

Mwaka 2023 UNESCO ilikadiria kuwa watoto na vijana wapatao milioni 250 duniani walikuwa nje ya shule. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Benki ya Dunia na washirika wake walikadiria kuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, watoto 7 kati ya 10 wenye umri wa miaka 10 hawawezi kusoma na kuelewa habari fupi iliyo rahisi. Takwimu hizi mbili huchanganywa mara kwa mara, ilhali zinasema mambo mawili. Ya kwanza ni ya watoto ambao hawakufika au walitoka. Ya pili inahesabu pia mamilioni wanaoamka kila siku, wanavaa sare, wanakaa darasani, na wanatoka mikono mitupu. Anayejitolea lazima ajue yuko kwenye tatizo lipi, kwa kuwa dawa ni tofauti.

Kuhusu wale walio nje, Waswahili walishasema asiyekuwapo na lake halipo. Mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa anaweza kuishi miaka kumi hatua mia tatu kutoka getini pa shule na asiwepo kwenye hesabu yoyote. Mwaka 2024 UNICEF ilikadiria kuwa watoto milioni 150 walio chini ya umri wa miaka 5 hawajasajiliwa kuzaliwa kwao. Karatasi hiyo moja huzuia mambo mengi: kuandikishwa, kusajiliwa kwa mitihani, kupata msaada wa serikali pale ulipo. Mama anayelipwa kwa kutwa akienda kuifuatilia anapoteza kipato cha siku nzima, na mara nyingi anaambiwa arudi wiki ijayo.

Hii ni kazi ya kujitolea ambayo haipewi sifa yake. Mtu mmoja anayejua kusoma fomu, anayejua ofisi inafunguliwa saa ngapi na inadai nakala za nini, akiwakusanya akina mama watano wakaenda siku moja, anafungua mlango uliokuwa umefungwa kwa miaka. Hajengi kitu, hagawi kitu. Anapunguza safari nne ziwe moja.

Na pale ofisi inaposema hakuna cheti hakuna shule, yapo ya kujibu. Desemba 2019 Mahakama Kuu ya Makhanda, Afrika Kusini, iliamua kwamba mtoto hawezi kunyimwa elimu ya msingi kwa sababu tu hana nyaraka, awe mwananchi au la. Kesi ile ilihusu watoto wa jimbo moja waliokuwa wakikabiliwa na kuondolewa shuleni, na walioisukuma walikuwa watu wa taasisi za haki za watoto pamoja na wazazi wenyewe. Hukumu ya nchi moja haivuki mpaka ikawa sheria kwingine, lakini hoja yake inavuka.

Swali linaloulizwa mlangoni

Mara ya kwanza nilipoambatana na kundi la kutembelea nyumba za watoto walioacha shule, nilimuuliza mama mmoja moja kwa moja, "Kwa nini mtoto haendi shule?" Alijibu, "Hatuna pesa," akanyamaza, na mimi nikaandika "pesa" kwenye daftari. Niliyekuwa naye, mama wa makamo aliyekuwa akiifanya kazi hii kwa miaka, hakuandika kitu. Alivuta kigoda akakaa. "Dada, ukienda kazini huyu mdogo unamwachia nani?"

Ndipo habari yote ikatoka. Msichana wa miaka kumi na mmoja ndiye aliyekuwa akimwangalia mdogo wake. Walikuwa wamehamia pale mwaka uliopita, na shule aliyotoka ilikataa kutoa barua ya uhamisho kwa sababu ya mchango ambao haukumaliziwa. Shule mpya haikumpokea bila barua. Baba alikuwa mbali. Wakati anasubiri, mtoto alizoea kubaki, na sasa alikuwa anaona haya kwamba angerudishwa darasa la wadogo zake. Sababu nne, moja juu ya nyingine, na neno "pesa" lilikuwa mfuniko tu.

Nilijifunza siku ile kwamba "kwa nini haendi shule" ni swali la askari. Mzazi akilisikia anatafuta jibu litakalomwondoa mgeni mlangoni. Swali la jirani huuliza siku inakwendaje: nani anaamka wa kwanza, nani anachota maji, nani anabaki na mtoto. Kikwazo cha shule hujitokeza chenyewe katikati ya maelezo hayo. Na baadhi ya sababu hazitajwi kabisa siku ya kwanza, hasa kwa wasichana. Mimba, kupigwa, mwalimu anayesumbua, hedhi na choo kisicho na mlango. Yule mama aliniambia yeye hurudi mara tatu kabla ya kuamini kwamba ameelewa.

Nchini India, wakfu wa M. Venkatarangaiya, ulioanzishwa mwaka 1981, uliligeuza jambo hili kuwa kazi ya miaka mingi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 umekuwa ukiwatoa watoto mashambani na katika ajira za rehani, yaani kazi za kulipia deni, na kuwarudisha shule, ukitegemea vijana wa vijiji vilevile, wengi wao wakiwa wa kwanza katika familia zao kusoma. Msimamo wao ni mkali na mimi naukubali: mtoto yeyote asiye shuleni ahesabiwe kuwa mtoto anayefanya kazi, hata kama kazi hiyo ni ya nyumbani kwao na haina mshahara. Waliokaa nje muda mrefu hupitishwa kwanza kwenye masomo ya daraja, ya kuwafikisha kiwango cha wenzao, ndipo waingie shule ya serikali. Kilichonivutia zaidi ni kwamba hawakujenga shule mbadala. Shabaha ilibaki shule ya umma, na vijana wale walizungumza na wazazi, waajiri na walimu mpaka nafasi ikapatikana. Shantha Sinha, aliyeuongoza wakfu huo, alitunukiwa mwaka 2003 tuzo ya Ramon Magsaysay, inayotolewa Ufilipino kwa waliotumikia jamii barani Asia.

Karatasi moja, hatua tano

Tuje kwa wale walio ndani ya darasa na hawajifunzi. Hapa ushahidi ni mwingi na mzuri, na unafaa kutazamwa kwa utulivu.

Chukua karatasi moja. Juu kuna herufi zilizotawanywa, chini yake maneno mafupi, kisha aya ya mistari minne, kisha hadithi fupi. Unakaa na mtoto sakafuni, bega kwa bega ili asijione yuko kwenye usaili, unamwonyesha aya. Akiisoma, unampa hadithi. Akikwama, unarudi kwenye maneno, akishindwa hapo unarudi kwenye herufi. Ndani ya dakika kumi unajua yuko wapi: hajui kitu, anajua herufi, neno, aya au hadithi. Shirika la Pratham la India, lililoanzishwa Mumbai mwaka 1995, ndilo lililoieneza njia hii, na kuanzia 2005 watu wa kujitolea walianza kuitumia nyumba kwa nyumba vijijini kote India katika upimaji wa kila mwaka unaoitwa ASER. Mwaka 2009 mpango wa Uwezo ukaanzishwa ili kupima kwa namna hiyo Kenya, Tanzania na Uganda. Upimaji ulifanyika nyumbani kwa sababu ya maana: ukipima shuleni, unamkosa mtoro na asiyeandikishwa.

Kinachofuata baada ya kupima ndicho kinachofanya kazi. Watoto hupangwa kwa kiwango walichonacho, bila kutazama darasa wala umri. Wanaojua herufi wanakaa pamoja, wanaosoma maneno wanakaa pamoja, na wanasonga kundi hadi kundi kila wakipanda. Mwalimu wa darasa lenye wanafunzi themanini na mtaala wa kumaliza hana nafasi ya kufanya hivyo kila siku. Kijana wa mtaani aliyemaliza sekondari, akifundishwa siku chache na kupewa vifaa vyepesi, anaweza.

Mwaka 2005 na 2006 watafiti, akiwemo Esther Duflo na Abhijit Banerjee ambao mwaka 2019 walipata tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Michael Kremer, waliijaribu njia hii katika vijiji 280 vya wilaya ya Jaunpur, India. Katika baadhi ya vijiji wananchi waliitishiwa mikutano na kuelezwa haki zao na kazi za kamati ya shule. Katika vingine wakafundishwa pia kuwapima watoto wao. Kundi la tatu lilipata hayo yote na juu yake vijana wa kujitolea wakafunzwa kuendesha kambi za kusoma. Mikutano peke yake haikubadili kitu, si kwa wazazi, si kwa walimu, si kwa watoto. Kambi zilibadilisha: watoto waliokuja wakiwa hawajui hata herufi waliondoka wakizisoma. Ila kuna la kusikitisha. Waliohudhuria walikuwa takriban watoto 8 tu kati ya kila 100. Kambi ilikuwa nzuri, na walioihitaji wengi hawakuifikia.

Majaribio mengine ya njia hiyohiyo, katika majimbo ya Bihar na Uttarakhand, yalionyesha jambo linalogusa kiini cha swali letu. Bihar, vijana waliendesha masomo yao nje ya saa za shule, kwa njia waliyofundishwa, na watoto wakapanda. Uttarakhand, vijana waliwekwa ndani ya shule, shule ikawameza: wakawa walimu wa ziada, wakafundisha kitabu kilekile cha darasa kwa namna ileile. Watoto hawakupanda. Nia ilikuwa moja na aina ya watu ilikuwa moja. Waliogeuzwa kuwa mwalimu wa bure walipoteza faida waliyokuja nayo.

Nalitilia mkazo hili kwa kuwa ndilo jambo linalotokea kila mahali palipo na upungufu wa walimu. Kijana anakuja kusaidia kusoma, wiki ya pili mwalimu mkuu anamwomba "amshikie" darasa la tatu, mwezi wa tatu ana vipindi ishirini, na mwakani ofisi ya elimu inaandika kwamba shule ile haina upungufu. Mtoto hakupata mwalimu wala hakupata msaidizi. Kijana akiombwa kushika darasa kwa siku moja ya msiba, ashike. Akipewa ratiba, akatae kwa heshima, na upungufu uandikwe na upelekwe panapohusika.

Pale nia njema inapoumiza

Yapo mambo ambayo ningependa yaachwe kabisa. La kwanza ni kujitolea kwa wiki mbili katika vituo vya kulelea watoto. Shirika la Save the Children lilikadiria mwaka 2009 kuwa angalau watoto 4 kati ya 5 wanaoishi katika vituo hivyo wana angalau mzazi mmoja aliye hai. Wengine waliletwa pale kwa ajili ya shule hasa, kwa sababu kituo kiliahidi masomo ambayo nyumbani hayakupatikana. Wageni wanapokuja kwa zamu, wakacheza nao, wakapendwa, wakaondoka, mtoto anaachwa mara ishirini kwa mwaka, na kituo kinapata sababu ya kuwabakiza watoto wengi zaidi. Azimio la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa la 2019 kuhusu haki za mtoto liligusa madhara haya. Mwenye wiki mbili na nauli angeisaidia familia moja imlee mtoto wake nyumbani na kumsomesha shule ya jirani.

La pili ni kugawa vitu mbele ya watu. Kumwita mtoto mbele ya gwaride apokee viatu ni kuwaambia wenzake wote kwamba kwao hawana. Viatu vinaweza kufika kupitia kwa mzazi, jioni, bila kamera. Picha ya mtoto maskini si risiti.

La tatu ni usalama, na hapa sina subira. Mtu mzima asiye ndugu, anayekaa na watoto wa watu jioni, lazima awe chini ya macho. Wawe watu wazima wawili, mlango uwe wazi, wazazi wajue ni saa ngapi na wapi, jina lake liwe limeulizwa mahali alipofanya kazi kabla, na watoto wajue ni nani wa kumwambia likitokea baya. Anayesema masharti haya yanamvunjia heshima amejichuja mwenyewe.

Nani anaweza kumudu kujitolea

Kuna ukweli ambao wapangaji wa miradi huupita haraka. Wanaowajua watoto wa mtaa vizuri ni watu wa mtaa huohuo, na hao nao wanahangaika. Binti aliyemaliza kidato cha nne na hana kazi atafundisha kwa moyo miezi mitatu. Mwezi wa nne anapata kibarua, anaondoka, na ana haki ya kuondoka. Kumlaumu kwamba hana moyo wa kujitolea ni kumtaka maskini amfadhili maskini mwenzake.

CAMFED, asasi iliyoanza kazi Zimbabwe mwaka 1993 kwa kusomesha wasichana wa vijijini, ilitafuta njia ninayoiona ya busara. Wasichana waliosomeshwa na kumaliza hurudi shuleni kuwa walezi wa wadogo zao katika masomo na maisha. Wanaweza kupata mkopo wa kuanzishia biashara usio na riba ya fedha. Riba huilipa kwa muda wanaoutoa shuleni. Hawaitwi mashujaa wakaachwa na njaa. Vikundi vidogo visivyo na fedha za kukopesha vinaweza angalau kutofanya mambo ya kuwaumiza: kurudisha nauli, kugawana siku ili kila mmoja aje mara mbili kwa wiki badala ya mara tano, kumpa barua ya utambulisho inayomsaidia kuomba kazi.

Daftari

Chombo chenye nguvu kuliko vyote nilivyowahi kukiona katika kazi hii ni daftari la mistari. Safu ya kwanza jina, ya pili umri, ya tatu tarehe aliyoonekana shuleni mara ya mwisho, ya nne sababu, ya tano nani anapaswa kuitatua, ya sita tarehe tuliyomwambia. Safu ya tano ndiyo inayotenganisha hisani na haki. Kwa watoto wengine ataandikwa shangazi, kwa wengine kikundi chenyewe. Lakini ukurasa ukijaa, utaona jina la ofisi moja linajirudia: mwalimu mkuu, ofisi ya usajili, halmashauri. Watoto kumi na tisa waliokwama kwa barua ya uhamisho hawawi tena akina mama kumi na tisa wasiojali. Ni utaratibu mmoja mbovu, na utaratibu una mwenyewe.

Daftari hilo lisambazwe kwa uangalifu, maana lina siri za nyumba za watu. Kinachopelekwa mbele ya kamati ya shule ni hesabu bila majina: wangapi, kwa sababu ipi, tangu lini. Barua iwe fupi, iwe na nakala, ipokelewe kwa muhuri au saini. Ukipewa ahadi ya mdomo, rudi nyumbani uiandike na umtumie aliyeitoa: "Tulikubaliana hivi." Kama hakuna jibu, ngazi inayofuata ipo, na katika nchi nyingi ipo tume au ofisi ya haki za binadamu inayopokea malalamiko ya raia bila kulipisha. Ni kazi ya polepole. Inamtaka mtu awe na adabu na asichoke kurudi, na wengi tunashindwa hapo pa pili.

Yule msichana wa miaka kumi na mmoja alikuwa mstari wa saba kwenye daftari letu. Mdogo wake alipata pa kukaa kwanza, kwa bibi mmoja wa nyumba ya tatu aliyekuwa akilea wajukuu wake wawili na akasema wa tatu hamzidishii kitu. Masomo ya jioni yakaanza wiki ileile, akapimwa akaonekana anasoma aya lakini hadithi inamshinda. Barua ya uhamisho ilichukua wiki sita na safari nne, ya mwisho tukiwa na mama yake na nakala ya barua yetu yenye muhuri wa kupokelewa. Ile shule ya kwanza iliitoa bila mchango kumaliziwa. Siku aliyoripoti, mama yake hakwenda kazini. Alimsindikiza hadi getini, akasimama nje mpaka kengele ya kwanza ilipolia, kisha akaja kutuomba kalamu ajaze mwenyewe ile safu ya tarehe.